Mama Hajachanganyikiwa

Bado naota niko kortini. Nikishakula bakuli la isyo, mahindi na maharagwe vile mke wangu anavyoyapika, nakaa kwenye kiti cha kibarazani, na usingizi hunichukua kabla sijamaliza kuvua viatu. Ndoto ni ile ile. Nimesimama kando ya kizimba, nusu hatua mbele ya shahidi, pale nilipofundishwa kusimama. Chumba kimejaa ukungu wa Julai, ule unaoshuka kutoka vilima vya Iveti na kuingia mjini bila kupiga hodi. Hakimu anasema, midomo yake naiona ikicheza. Shahidi ananitazama, ananingoja mimi, na mimi sisikii hata neno moja. Nikishtuka, mke wangu huwa hapo karibu anachambua mchele. Ameshazoea. Huniuliza tu, "Leo ilikuwa kesi ya nini?"

Nyinyi vijana mlioingia kazini juzi mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya ukalimani. Najua mlitaka kusikia habari za vyeo na mishahara. Vyeo nilivyopata ningeviweka kwenye kibiriti na njiti zingebaki na nafasi ya kulala, kwa hiyo tuviache. Nitawaandikia juu ya kitu kilichonisumbua toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, nacho ni maneno ya Kiingereza ya kumwita mtu asiyejua la kufanya. Mniwie radhi. Mzee akistaafu huchagua mada yake mwenyewe.

Waingereza, sijui ni ile mvua ya kwao isiyokatika, wana maneno mengi ajabu ya mtu aliyekwama. Sisi tunasema amechanganyikiwa, tunaendelea na safari. Tukitaka kujipamba tunasema ameduwaa, amebabaika, amepigwa na butwaa. Lakini Mwingereza ana confused, ana puzzled, ana perplexed, baffled, bewildered, flustered, dazed, na mengine ambayo mahakimu huyatoa mfukoni saa sita mchana wakati tumbo la mkalimani linanguruma. Na kila neno lina mtu wake. Ukimpa huyu neno la yule, umemvika kiatu cha jirani.

Siku yangu ya kwanza nilivaa suti ya harusi yangu. Kesi ilikuwa ya bwana mmoja wa Katelembo aliyeshtakiwa kuuza ng'ombe asiye wake, na hakimu wetu wa wakati huo, mzee wa miwani aliyependa Kiingereza kama wengine wanavyopenda pombe, akamwangalia, akasema mshtakiwa anaonekana bewildered. Mimi nilikuwa na confused peke yake kichwani. Nikalitafuta lile lingine, sikuliona. Nikamgeukia yule bwana nikamwambia kwa Kikamba, "Korti inasema umepotea."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Nimepotea aje," akasema, "na ni nyinyi mmenileta hapa na gari la polisi?"

Korti nzima ikaangua kicheko. Askari mlangoni alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hakimu akauliza ni nini kinachochekesha, na ilibidi nimtafsirie hilo pia. Suti ya harusi iliniwasha mwili mzima siku hiyo.

Aliyeniokoa ni Mzee Ndolo. Ndiye aliyekuwa mkalimani mkongwe pale, mtu mfupi kutoka Tala, mwenye koti moja la kijivu na mfuko uliojaa peremende za minti kwa ajili ya koo. Hakunifokea. Saa ya chakula alinishika kiwiko akanipeleka nje, tukasimama kando ya barabara chini ya mijakaranda. "Bwana mdogo," akasema, "hayo maneno huwezi kuyapata kwa kamusi. Lazima uyaone yakitembea."

Basi hivyo ndivyo nilivyosoma. Kila siku ya kazi, akiwa na minti shavuni, Ndolo alinionyesha watu. Mama mmoja kutoka Kathiani amesimama mbele ya maduka mawili, yote yamepakwa rangi moja, ameshika karatasi ya dawa. "Huyo ni puzzled. Anajua jibu liko, bado tu hajalipata. Usimhurumie sana." Siku nyingine tulimpita fundi wa redio pale sokoni. Alikuwa ameifungua redio ya mteja, ameirudishia kila kitu, redio inaimba vizuri kabisa, na mkononi mwake imebaki skrubu. Alikuwa anaiangalia ile skrubu tu. "Baffled," akasema Ndolo kwa furaha, akaninunulia chai. Flustered alisema ni mwenye boma ambaye wageni wa mahari wamefika langoni na kuku bado anakimbia. Dazed ni mahabusu akitolewa seli na jua likampiga usoni. Na bewildered, lile lililoniaibisha, alinionyesha msichana mdogo wa kazi za nyumbani aliyeshuka mjini mara ya kwanza, yuko katikati ya pikipiki na mikokoteni, anazunguka polepole. "Huyo hajapotea," akasema. "Amezungukwa. Vitu ni vingi kuliko macho yake."

Nilimuuliza, na at a loss je? Hilo mahakimu walilipenda sana. Ndolo akatafuna minti yake mpaka ikaisha. "Hilo utalijua ukiliona. Mtu wa hilo haulizi swali lolote, kwa sababu hajui hata aanzie wapi kuuliza." Akakung'uta koti lake, tukarudi kazini.

Mengine aliyonifundisha ni ya mikono na miguu, na haya yaandikeni. Viatu viwe vya soli laini, maana utasimama kutwa. Maji yawe ya uvuguvugu. Maji baridi hufunga koo na wakili akiona umekohoa atadai umekosea. Usimwangalie wakili usoni wakati shahidi anajibu, utaanza kumtafsiria yeye. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi". Kwa mdomo huu mnaoufahamu nimeiba ng'ombe, nimechoma nyumba ya shemeji, nimezaa nje ya ndoa mara nyingi, na Jumapili nikaenda kanisani kusoma somo la kwanza. Padri hajawahi kunishangaa.

Na kanuni ya mwisho ya Ndolo, aliyoirudia kuliko zote, ilikuwa hii: "Kimya usikitafsiri. Mtu akinyamaza, nawe nyamaza. Wewe si shahidi."

Nimeishi na kanuni hiyo. Nimeona vimya vya kila aina. Kuna mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Msomali wa hapa mjini, alinyamaza kizimbani hadi hakimu akaandika kwamba shahidi anaonekana perplexed, mtu ambaye kila jibu linamzalia swali. Kumbe alikuwa anangoja mkalimani wa Kisomali aliyeahidiwa, na yule alikuwa bado njiani. Alipofika, yule mzee wa ng'ombe akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Mimi sina shida. Nilikuwa nawangojea nyinyi mjipange." Na korona ilipokuja tukaanza kusikiliza kesi kwa kompyuta, nikajifunza kwamba shahidi aliyekodoa macho bila kupepesa wakati mwingine hana neno la Kiingereza linalomfaa. Ni mtandao tu umekatika.

Ndolo alistaafu, akarudi Tala. Nilikuwa namtembelea, na kila mara nilimkuta amepungua kidogo. Safari moja nilimkuta ameketi uani, koti lile la kijivu mabegani, na mwanawe akanionyesha karatasi za hospitali. Katikati ya mwandiko wote niliona neno moja nililolijua: confused. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Mtu aliyeweza kukuonyesha tofauti ya baffled na perplexed akiwa amesimama kando ya barabara, leo wamemtilia neno la jumla, lile la bei rahisi. Mzee aliniangalia kwa muda mrefu, uso ukamng'aa, akaniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Akatia mkono mfukoni akanipa minti.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula," nikajibu kama yule ndugu yake.

Tukakaa pale tukitafuna minti, jua likizunguka ua polepole, naye alikuwa na raha kuliko watu wengi ninaowajua. Nilipoondoka nililia kwenye pikipiki hadi Kangundo. Tangu siku hiyo mtu akilirusha lile neno kortini bila kufikiri, nilikuwa nahisi kama amemrushia Ndolo jiwe.

Sasa niwaeleze kesi ya mwaka wangu wa mwisho kazini, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Ilikuwa ya mtoto. Mwende, msichana wa darasa la pili, mama yake Nthenya alikuwa amefariki. Tangu mazishi mtoto alikuwa akikaa na nyanya yake mzaa mama, Susu Kalondu, huko juu Kathiani. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Baba ya mtoto, Muthama, dereva wa lori la kwenda Malaba, alikuwa na chumba Mlolongo na alimtaka mtoto wake. Hakuna aliyekuwa mbaya katika kesi hiyo, na kesi za namna hiyo ndizo zinazochosha kuliko za wezi.

Kesi za watoto hazisikilizwi hadharani. Kwa wema wa sheria, husikilizwa chemba, kile chumba kidogo cha hakimu, ili watu wasikodolewe macho. Ni jambo jema. Lakini chemba yetu ilikuwa ndogo hasa: meza, kabati la majalada, viti vimebanana, dirisha moja. Susu Kalondu akawekwa kiti hiki, na Muthama akawekwa kile, na kati yao ningeweza kuweka kiondo kimoja na si zaidi.

Wasomaji wasio wa kwetu niwaeleze. Kwetu kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima, na ni haya, vyote pamoja. Mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani kando, hata kama kuna miiba. Hawali chungu kimoja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Vijana wa mjini wengi wameiacha. Lakini vilimani kwa wazee wa umri wa Susu Kalondu, nthoni ni kama nguo: mtu haivui mbele za watu. Njia ya kuimaliza ipo, na kwa upande wetu ni blanketi. Mkwe akishampelekea mama mkwe blanketi, naye akalipokea, basi wanaweza kusalimiana kama binadamu wengine. Mimi nilipeleka langu baada ya mtoto wa pili, la rangi ya maziwa, na siku hiyo ndipo mama mkwe wangu aliponiita jina langu. Nilikuwa nikidhani halijui.

Muthama hakuwa amepeleka. Nthenya alikuwa amekufa kabla hawajafika huko.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole, mgeni kwetu, ametoka mbali. Wakili wa Muthama alikuwa kijana wa Nairobi, kiatu chake kinameta. Akaanza kwa kumuuliza Susu amtaje baba ya mtoto kwa jina.

Nikatafsiri. Susu akakaza midomo.

Wakili akauliza tena, polepole, kama anayezungumza na kiziwi. Nikatafsiri tena. Susu akaivuta leso yake kichwani ikashuka machoni.

"Mwulize kama anamfahamu mtu huyu aliyeketi kando yake."

Nikatafsiri. Susu akageuza kiti, akatazama kabati la majalada. Alikuwa amekunjamana pale, mabega yamesinyaa, mkono umeshika pindo la leso. Kwa macho ya mtu asiyejua, kweli huyo alikuwa ajuza asiyejua aliko.

Wakili akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza kwamba shahidi ni wazi yuko confused, kwamba hawezi hata kumtambua mkwe wake mwenyewe, na korti ijiulize mtoto wa miaka hiyo aachiwe vipi mikononi mwa mtu kama huyo. Hakimu akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, na nilijua inachoandika. Kama Susu asingesema neno, mtoto angeondoka siku hiyo hiyo.

Na mimi ilibidi nimtafsirie Susu maneno hayo. Ndiyo kazi. Nikamwambia, kwa sauti yangu, "Mama, mimi nasema wewe umechanganyikiwa." Mliofanya kazi hii mnajua ile "mimi" inavyouma siku nyingine.

Machozi yakamtoka. Nililiona moja likilowesha leso. 

Ngoja niwaambie nilivyokuwa. Nilikijua kile kimya kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Kilikuwa kimejaa maneno. Kilikuwa kinasema: huyu ni mume wa marehemu mwanangu, na mimi namheshimu hata akininyang'anya mjukuu. Lakini nilikuwa nimeapa kutafsiri yanayosemwa, na hakuna kilichosemwa. Nikainua mkono. "Mheshimiwa, naomba..." Wakili akarukia: mkalimani si shahidi. Alikuwa na haki kabisa, maana Ndolo mwenyewe angesema vivyo hivyo. Hakimu akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. Nikashusha mkono. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, chumba kikawa cheupe kama ndani ya ndoto, na nikajua kwamba lile at a loss, neno ambalo Ndolo hakunionyesha barabarani, nimelipata. Mtu wake nilikuwa mimi. Sikuwa hata na swali la kuuliza.

Hapo kiti kikasukumwa nyuma. Muthama alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema," akasema kwa Kiswahili. Alikuwa akiiangalia sakafu. "Huyu mama hajachanganyikiwa."

Wakili akamvuta koti. "Kaa chini, bwana. Tunashinda."

"Wacha nisimame. Nikikaa hapa hataongea mpaka jioni." Akalichomoa koti lake mkononi mwa wakili. "Yeye ni mama ya bibi yangu. Mimi na yeye hatuangaliani. Hataji jina yangu, na mimi sitaji yake. Hiyo ni heshima ananipea, sio ugonjwa. Na mimi nimekaa hapa naangalia tu akiitwa mjinga juu yangu."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Unaomba nini?"

"Nitoke nje. Wakili atabaki asikie. Mama aongee vizuri."

"Unaelewa kwamba atakachosema huenda kisikusaidie?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

Akatoka akitembea kwa upande, mgongo ukigusa ukuta, ili asipite mbele ya uso wake. Alifunga mlango taratibu sana, kama mlango wa chumba alicholala mtoto. Nilikuwa nimeanza kumpenda kijana huyo, jambo ambalo mkalimani haruhusiwi.

Susu Kalondu akakigeuza kiti chake. Akaishusha leso mabegani, akapangusa uso, akanyoosha mgongo, na mbele yetu akatokea mama mwingine kabisa, macho makali, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alitaja siku na tarehe ya leo, alitaja jina la mwalimu wa Mwende na la dereva wa basi la shule. Wakili alipomuuliza swali la pili alimwambia, "Ongea kwa sauti, mwanangu, usiogope." Nikatafsiri, kwa "mimi", na nikiri nililifurahia.

Akaeleza kwamba baada ya mazishi mtoto alikaa bila kusema na watu, akisema na mbuzi tu, na sasa ndio ameanza kuimba tena. Kwamba analala akiwa ameshika sikio la mtu. "Sikio la nani atashika huko Mlolongo, na baba yake yuko barabarani siku zote? Nani atamfungulia mlango akitoka shule?" Kisha akaongeza bila kuulizwa: "Lakini muandike hivi. Yule ni mtu mzuri. Akirudi safari huja hadi kwa jirani yangu, anaacha sukari na daftari za mtoto, anarudi bila kuniona. Simnyimi mtoto wake. Naomba tu mtoto asiangushwe mara ya pili kabla hajasimama."

Wakili akaketi. Alikuwa anaiangalia kalamu yake, na nilimkumbuka yule fundi na skrubu.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Hakimu alisema tangu mama afe pande zote mbili ziko at a loss, na neno hilo safari hii nililitafsiri bila kigugumizi: hawajui pa kushika. Mtoto atabaki kwa Susu wakati wa shule, na likizo ataenda kwa baba yake, naye baba apange awe nyumbani. Muthama aliitwa ndani asikie, akasimama mlangoni akiangalia juu ya vichwa vyetu. Alishindwa, na uso wake ulionyesha ameshindwa. Sitawadanganya kwamba alitabasamu.

Nikatoka kwenda kunywa maji yangu ya uvuguvugu. Kwenye veranda nikamkuta Susu Kalondu ameketi kwenye benchi, amejifunika leso, kiondo miguuni. Muthama alikuwa kwenye nguzo, hatua chache tu, amempa mgongo, anatazama ukungu. Hakuna aliyeondoka. Susu aliponiona akaniita.

"Karani. Mwambie huyo."

Nikasema, "Mama, kazi imekwisha. Na anakusikia."

"Mwambie."

Basi nikasimama pale nilipofundishwa kusimama, nusu hatua mbele ya shahidi. Susu akasema kwa Kikamba kwamba Mwende hanywi maziwa yenye utando. Nikamgeukia Muthama nikamwambia kwa Kikamba kwamba Mwende hanywi maziwa yenye utando. Yeye akasema nimwambie amesikia. Nikamwambia Susu amesikia. Miaka yote hiyo ya Kikamba na Kiingereza, Kiingereza na Kiswahili, na hiyo ndiyo mara pekee niliyotafsiri kutoka Kikamba kwenda Kikamba. Mawakili walitupita wakidhani nimezeeka vibaya.

"Mwambie akimrudisha mtoto likizo ikiisha asimwache kwa jirani. Aje mpaka langoni."

Nikamwambia. Muthama akasema, "Mwambie nitakuja."

Susu akakaa kimya. Nikakiacha kimya chake kilale. Kisha akaivuta leso vizuri mabegani, akasema polepole, akiangalia upande wa vilima, "Na mwambie baridi ya Kathiani mwaka huu ni mbaya. Inaingia hata mlango ukiwa umefungwa."

 Nilitaka kumshika yule kijana mabega nimtikise. Lakini nilijizuia, nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza: "Anasema baridi ya Kathiani mwaka huu ni mbaya. Inaingia hata mlango ukiwa umefungwa."

Muthama alikunja uso. Kwanza alikuwa puzzled, nilimwona wazi, anatafuta kama ameambiwa alete fundi wa milango. Halafu akawa perplexed, mdomo wazi kidogo. Halafu akaacha kutafuta. Mkono wake ukashika nguzo, na akaanza kulia bila sauti, mtu mzima wa lori, mabega yanatingishika.

"Mwulize," akasema alipoweza, bado ametupa mgongo. "Mwulize mama anataka la rangi gani."

Nikageuka nimtafsirie Susu. Alikuwa ameshainuka kwenye benchi, leso imeshuka ikaacha uso wazi, na anautazama ule mgongo.

"Jekundu," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.